Bushi ya gari haizunguki, jamani

Kuna maneno nimeyasikia gereji mpaka nimechoka: "bushi imekauka, haizunguki, itie grisi kidogo italegea." Juzi nimeyasikia tena, na safari hii aliyekuwa anayasema ni mwenye gari mwenyewe, gari limeshatembea kilomita laki mbili na ushee, bushi za mbele anabadilisha leo baada ya miezi kadhaa zinagonga tena, na lawama zote anazitupa kwa muuza spea. Spea feki zipo, sibishi. Ila bushi orijino kabisa nayo unaweza kuiua siku ile ile unayoifunga, na wengi wanaiua kwa sababu hawajui ni kitu gani wanachokifunga.

Maana yake haraka haraka: bushi ni raba iliyokaa katikati ya vyuma viwili. Ndani kuna kibomba cha chuma ambacho bolti inapita, nje kuna ganda la chuma linaloingizwa kwa presi kwenye tundu la wishiboni, ule mkono wa chuma unaoshika tairi kwenye fremu, na raba ya katikati imeshikishwa kwa moto kiwandani kwenye vyuma vyote viwili. Inaruhusu tairi ipande na kushuka bila chuma kugonga chuma, na inameza mtetemo wa barabara usifike kwenye bodi. Ziko kwenye wishiboni, kwenye ekseli ya nyuma, kwenye macho ya shokapu, na za stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, ni ndugu zake japo zile ni raba tupu na kishikio chake. Ndo hivyo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba jina hilo hilo linatumika kwa kitu kingine kabisa. Fundi aliyejifunzia kwenye malori, bushi anayoijua yeye ni ile ya kingpini (pini ambayo tairi ya mbele inageukia), ya shaba, pini inazunguka ndani yake na kuna nipo ya kupigia grisi, ukisahau grisi pini inaliwa na usukani unakuwa na plei. Mashine za kusaga nazo zina bushi za namna hiyo. Pale grisi ndo uhai. Sasa mtu huyo akihamia kwenye Vitz au Corolla anakuta kitu kinaitwa bushi vilevile, kina tundu katikati vilevile, anadhani kinafanya kazi vilevile, anakuja na kopo lake la grisi.

Kwenye bushi ya raba hakuna kinachoteleza. Bolti ikishakazwa, kile kibomba cha ndani kinabanwa na mashavu ya fremu hakitikisiki tena, na ganda la nje limebanwa kwenye wishiboni linakwenda nayo. Tairi ikipanda tuta wishiboni inapanda, ganda linageuka nayo, kibomba kimesimama pale pale, kwa hiyo raba ya katikati ndo inasokotwa, tuta likiisha raba inajirudisha yenyewe. Kusokotwa na kujirudisha, maisha yake yote ni hayo. Wafaransa bushi hii wanaiita silentbloc na mafundi wengi waliokulia kwenye Peugeot wanalijua hilo jina, maana hakuna chuma kinachosuguana na chuma hata kidogo, inatakiwa iwe kimya. Ukiikuta inazunguka kweli, raba imeshabanduka kwenye chuma na hiyo ni maiti, grisi haiifufui.

Hapo sasa ndo tunafika kwenye bolti, na hapa ndo bushi nyingi zinapouliwa.

Gari likiwa juu ya jeki tairi zinaning'inia, wishiboni zimelala zinaelekea chini. Fundi anaingiza bushi mpya, anarudisha wishiboni, na kwa sababu spana iko mkononi anakaza bolti mpaka mwisho pale pale hewani, anafunga tairi, anashusha gari. Kibomba cha ndani kimeshabanwa kikiwa kwenye mkao wa kuning'inia, lakini gari likikaa chini wishiboni inapanda kwenye mkao wake wa kawaida, maana yake raba imeshasokotwa kabla hata hujawasha gari. Ni kama kulala usiku kucha shingo imegeuka upande mmoja. Halafu juu ya huo msokoto uliopo tayari unaongeza matuta na makorongo, kila tuta linaisogeza raba kwenye mwisho wake, inaanza kuchanika pembeni ya kibomba, baada ya muda mfupi ko-ko-ko imerudi na mtu anasema kauziwa feki.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu wowote. Bolti za wishiboni zenye bushi za raba unaziingiza kwa mkono, unakaza nati mpaka iguse tu, unashusha gari likae kwa tairi zake, unalitikisa, unalisogeza mbele na nyuma kidogo, halafu unaingia chini kwenye shimo la gereji unakaza mpaka mwisho kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha gari hilo. Huna shimo? Weka jeki ya pili chini ya wishiboni karibu na boljointi, kwenye ncha ya upande wa tairi, ipandishe taratibu mpaka uzito wa gari uanze kukaa kwenye springi, kaza hapo, ila stendi za chini ya fremu zisitoke. Na bushi za ekseli ya nyuma kwenye hizi gari ndogo ni sheria ile ile. Kuna bushi ya nyuma ya wishiboni kwenye baadhi ya gari ambayo bolti yake imesimama wima, ile inapindishwa zaidi kuliko kusokotwa kwa hiyo haionewi sana, lakini ukishazoea kukaza gari likiwa chini hupungukiwi kitu.

Turudi kwenye grisi. Raba nyingi za bushi zinatokana na mpira wa asili na mpira wa asili haupatani na mafuta ya jamii ya petroli ya aina yoyote, unavimba, unalainika, unaanza kumeguka kwa vidole. Grisi ya kawaida ni mafuta. Oili chafu ni mafuta. Na ile tabia ya kuosha gari halafu kijana anapuliza dizeli chini kote ili ing'ae na isishike kutu, kwenye chuma sawa, kwenye bushi ni sumu ya taratibu. Anayesema "nilipiga oili kelele zikaisha" hasemi uongo, kweli zinaisha kwa muda, raba imelainika tu.

Inayotaka grisi ni ile ya poliyurethani, plastiki ngumu inayofanana na raba, zile za rangi nyekundu au njano ambazo watu wa gari za kukimbia wanazipenda. Ile haijashikishwa kwenye chuma, kibomba kinazunguka ndani yake kweli, kwa hiyo inapakwa grisi ya silikoni na ukiikaza gari likiwa juu hailalamiki. Hiyo ndo bushi pekee kwenye hizi gari zetu ndogo ambayo yule fundi wa malori angekuwa sahihi nayo, ila bado asingekuwa sahihi kwenye aina ya grisi.

Kitu kingine kinachonichosha, mteja anapewa bushi mpya anaikataa eti imepasuka. Bushi nyingi zina matundu yaliyochongwa kiwandani kwenye raba, upande mmoja laini upande mwingine mgumu, ili tairi ipate nafasi kidogo ya kurudi nyuma ikigonga shimo bila kuyumba kwenda pembeni. Ndo maana nyingine zina alama ya mshale au kikwaruzo kwenye ganda, ukiiingiza imegeuka gari linabadilika tabia. Iliyochanika kweli utaijua, ufa unaingia ndani mpaka kwenye chuma, ukiweka mtaimbo kati ya wishiboni na fremu ukasukuma raba inafunguka mdomo. Vinyufa vidogo vya juu juu ni uzee tu. Na uzee wa raba hauhesabiwi kwa kilomita peke yake, joto na hewa vinaikausha hata gari likiwa limepaki, kwa hiyo dashibodi ikisoma kilomita elfu sitini kwenye gari la miaka kumi na tano usidhani bushi zake ni za miaka mitatu.

Kwa huyo anayebadilisha kila mara, kabla ya kwenda dukani tena na kugombana na muuza spea, jaribu hivi. Gari likiwa chini, limekaa kwa tairi zake kwenye shimo, mwambie fundi alegeze tu bolti za wishiboni, asizitoe. Zikilegea zikapiga "taa!" na gari likashuka kidogo upande huo, zilifungwa zikiwa zimesokotwa. Kama raba bado ni nzima, litikiseni gari, kazeni hapo hapo, halafu ndo uende alaimenti, kupimwa mkao wa tairi, maana vipimo vilivyochukuliwa kabla ya hapo vilikuwa vya gari lililosimama vibaya.