Swali la baiskeli kwenye mtihani wa kuzungumza wa IELTS

Kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, swali la baiskeli linaonekana jepesi, na hapo ndipo alama zinapopotea. Mtahiniwa wa Mwanza anaulizwa kama watu wa mji wake wanaendesha baiskeli. Anajibu "Yes, because it is good for health and it reduces pollution," kisha ananyamaza. Sarufi haina shida. Shida ni kwamba jibu hilo linafaa mji wowote duniani, na mwenye kulitoa hana cha kuongeza kwa sababu hakuna baiskeli yoyote aliyokuwa anaiona kichwani.

Mtahini hatoi alama kwa uzito wa hoja zako. Anapima mambo manne kwa uzani ulio sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Ukizungumzia kitu unachokijua, maneno yanakuja bila kutafutwa na vitenzi vinabadilika nyakati vyenyewe. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi waache hoja za kukariri na wazungumzie baiskeli za Igoma, Buhongwa na Kisesa.

Mtihani wote wa kuzungumza ni wa dakika 11 hadi 14. Sehemu ya kwanza huchukua dakika 4 hadi 5, na kila swali linahitaji sentensi mbili mpaka nne tu. Kwa mfano: "Quite a lot of people do, but mostly on the flat side of town. Where I live, in Mabatini, the path is so steep and rocky that you have to get off and push." Hakuna neno gumu hapo, lakini kuna "so... that", kuna kishazi kinachoanza na "where", na kuna "get off", ambalo mzungumzaji wa Kiingereza angelitumia bila kufikiri.

Makosa mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi tunaendesha gari na tunaendesha baiskeli, kwa hiyo mtu anasema "I drive a bicycle". Baiskeli ni "ride". "Naenda kwa baiskeli" inageuka "I go with bicycle" au "using bicycle". Sema "I go by bike" au "on my bike". Angalia vizuri: baada ya "by" hakuna "a" wala "my". "Naendesha tangu nikiwa darasa la tatu" isiwe "I am riding since". Sema "I've been riding since I was in Standard Three". Na yule fundi uliyeanza kumwita "he" asigeuke "she" sentensi ya pili. Kwetu wote ni yeye, hivyo ulimi huteleza hata kwa mtu anayejua kanuni.

Sehemu ya pili ndiyo inayotenganisha watu. Unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza kwa dakika 1 hadi 2. Dakika 2 kwa mwendo wa kawaida ni kama maneno 200 hadi 250. Usiandike sentensi kwenye karatasi, utaishia kuzisoma na sauti itakuwa bapa. Andika maneno matano au sita, yapangwe kwa wakati: zamani, siku moja, sasa. Kadi ikitaka ujuzi uliojifunza utotoni, yeyote aliyejifunzia baiskeli ya mtu mzima ana sentensi hii tayari: "I was too short for the seat, so I put one leg under the crossbar and rode it like that."

Kwa "siku moja", pancha ni hazina. Mweleze mtahini kazi ya fundi hatua kwa hatua: "He took off the tyre, pulled out the tube, pumped it up and dipped it in a basin of water. When he spotted the bubbles, he rubbed the place with sandpaper, spread some glue, waited a little and pressed on a patch." Vitenzi tisa vya wakati uliopita, na kila kimoja kina kazi yake. Hapa pia matamshi hupimwa. "Pumped", "dipped" na "pressed" huishia na sauti ya t, silabi moja tu. "Pulled" na "rubbed" huishia na d. "Spotted" na "waited" pekee ndivyo vinavyoongeza silabi, kwa sababu shina linaishia na t. Wengi husoma "pump-ed" kwa silabi mbili, na mtiririko unakatika kila baada ya maneno matatu.

Tukiwa bado kwenye matamshi: mkazo wa "bicycle" uko mwanzo kabisa, tofauti na Kiswahili kinachopenda silabi ya pili kutoka mwisho. "Seat" ivutwe, la sivyo itasikika "sit". Aliyekulia kwenye Kisukuma ashughulikie r na l mapema, maana "road" na "load" zote zimo kwenye habari za baiskeli. Kwenye l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu. Kwenye r haigusi popote. Rudia "a heavy load on a rough road" polepole, jirekodi kwa simu, sikiliza kesho yake. Lafudhi yenyewe haikupunguzii alama, ilimradi unaeleweka bila taabu.

Sehemu ya tatu inataka maoni kuhusu jamii, tena dakika 4 hadi 5. Ukiulizwa kama miji ijenge njia za baiskeli, anza kwa kutofautisha: "It depends on the road. Where daladalas, our minibuses, pull in and out all day, a painted line wouldn't protect anyone. You'd need a proper kerb." Neno la kwetu linaruhusiwa, mradi ulifafanue papo hapo kama hivyo. Ukiulizwa usafiri umebadilikaje, una mfano wa karibu: "Since the Kigongo–Busisi bridge opened in 2025, people there haven't had to wait for the ferry."

Usipoelewa swali, uliza. Sehemu ya kwanza mtahini anaweza kulirudia tu, ya tatu anaweza kulieleza kwa maneno mengine, kwa hiyo hapo sema "Sorry, do you mean bike lanes in general, or just in big cities?"