Mtoto wa jicho hasubiriwi aive

"Subiri kwanza aive." Kauli hii imewaacha wazee wengi wakipapasa ukuta kwenda chooni miaka mitatu, minne, wakati operesheni yenyewe kwa kawaida haifiki nusu saa.

Zamani, kusema kweli, ushauri huo ulikuwa na maana. Lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, ndiyo mtoto wa jicho mwenyewe, ilitolewa na jicho likabaki bila lenzi yoyote. Mtu alivaa miwani minene kama kitako cha chupa maisha yake yote. Nani angeliharakisha hilo angali anaona kidogo? Mambo yalianza kubadilika mwaka 1949, pale Harold Ridley, daktari wa London, alipopandikiza lenzi ya plastiki ndani ya jicho. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki kutoka vioo vya ndege za kivita, vilivyowaingia marubani machoni wakati wa vita, vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Siku hizi lenzi bandia ni jambo la kawaida. Kinachoangaliwa ni kama ukungu umeanza kukwamisha shughuli zako, iwe kutunga uzi kwenye sindano au kuendesha bodaboda. Ukimwacha akomae kupita kiasi, lenzi inakuwa ngumu kuitoa, na wakati mwingine inavimba na kuleta maumivu makali.

"Si wanalitoa jicho nje, wanaliosha, kisha wanalirudisha?" Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Jicho limeungana na ubongo kwa neva ambayo ikikatwa haiungiki tena, kwa hiyo hakuna daktari anayelichomoa na kulirudisha. Unapigwa ganzi, pembeni ya jicho hupasuliwa mlango wa milimita chache, mara nyingi hata hakushonwi, lenzi mbovu inatoka na bandia inaingia.

Matone au mitishamba ya kumyeyusha mtoto wa jicho haipo. Wanaosema "anarudi" wana kisa chao: utando ulioachwa nyuma ya lenzi mpya unaweza kupata ukungu miezi au miaka baadaye. Huo huondolewa kwa leza, yaani miale maalumu ya mwanga, dakika chache, bila kisu.

Tuje kwenye macho mekundu. Yalipoikumba Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024, wapo walioogopa hata kutazamana na mgonjwa. Virusi havipiti kwenye kutazama. Vinapita kwenye mikono, taulo na mito ya kulalia. Mengi hupona yenyewe bila maji ya chumvi, chai ya rangi wala maziwa ya mama. (Yakiambatana na maumivu makali, au ukaona hafifu, nenda hospitali siku hiyohiyo.) Ninachokihofia zaidi ni kichupa cha dawa cha kuazima kwa jirani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Wekundu unakwisha upesi, mtu anayasifu, anaendelea kujitilia miezi na miezi, kumbe presha ya jicho inapanda na mtoto wa jicho anaanza kuota.

Na hapo kwenye presha pana mkanganyiko mkubwa kuliko yote. "Mimi presha sina, nimepimwa." Alipimwa mkononi! Presha ya macho, yaani glakoma, ni habari nyingine: mwenye presha ya damu ya kawaida anaweza kuwa nayo. Hutegemei maumivu yakuamshe, kwa sababu aina iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Inaanza kula uono wa pembeni, mtu anajikwaa na kugonga milango huku mbele anaona vizuri, na kilichopotea hakirudi. Matibabu hulinda kilichobaki tu. Ndiyo maana mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepofuka kwa glakoma anatakiwa kupimwa hata kama anaona mpaka sisimizi ukutani.

Wengi pia hudhani tiba yake ni matone ya kila siku tu, basi. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, leza ililinganishwa na matone ya timololi, dawa ya kushusha presha ya jicho, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, macho 61 katika kila 100 yaliyopigwa leza yalikuwa yamefikia lengo la tiba. Ya matone yalikuwa 31. Leza hiyo hupigwa mgonjwa akiwa ameketi kitini, na siku hiyohiyo anarudi kwake.