Kruzi Ikigoma, Anza na Taa za Breki

Dereva mmoja alifika karakanani kwetu chuoni akiwa ameshatajiwa bei ya kompyuta mpya ya injini. Kruzi ya gari lake, ule mfumo wa kushikilia mwendo ili mguu upumzike safari ndefu, ilikuwa haishiki tena. Kabla hata ya kufungua boneti nilimwomba akanyage breki kidogo, mwanafunzi akasimama nyuma. Taa zikawaka. Akaachia pedali, zikabaki zinawaka sekunde mbili tatu ndipo zikazima. Kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inaambiwa kwamba dereva bado anakanyaga breki, nayo ikatii.

Kruzi imeundwa iwe nyepesi kukataa. Ikipata shaka yoyote kuhusu breki, mwendo wa gari au injini, inajitoa. Kwa hiyo fundi anayeanza kwa kubadilisha vipuri anakulipisha pesa za kubahatisha.

Inama chini ya dashibodi na tochi. Juu ya mkono wa pedali ya breki utaona swichi ndogo ya plastiki yenye ncha inayobonyezwa pedali ikiwa imepumzika. Katika magari mengi ya kisasa, ndani yake mna njia mbili za umeme: moja huungana unapokanyaga na kuwasha taa za nyuma, nyingine hukatika papo hapo na kuitoa kruzi. Kompyuta huzilinganisha. Zikipingana, mashine ya kusomea hitilafu itaonyesha kodi, yaani namba ya hitilafu, kama P0504 au P0571. Ukikuta vipande vya plastiki vimedondoka kwenye kapeti, usivifagie kwanza: huenda ni kile kidude kinachokaa kwenye pedali na kubonyeza ncha ya swichi. Kikipasuka, ncha inatokeza kwenye tundu tupu, taa za breki zinawaka usiku kucha na asubuhi betri imekwisha. Kidude chenyewe ni cha bei ndogo sana. Kama uko peke yako, rudisha gari karibu na ukuta jioni, uangalie mwanga mwekundu ukutani unapokanyaga na kuachia.

Taa zisipowaka kabisa, angalia fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha balbu. Na kama umeweka balbu za LED kwenye gari la zamani, zirudishe za kawaida ujaribu tena, maana baadhi ya mifumo ya zamani huitambua breki kupitia balbu hizohizo.

Breki ikiwa safi, hamia kwenye usukani. Vitufe vya kruzi huunganishwa na gari kwa utepe mwembamba wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani, na kila unapokata kona unakunjuka na kujikunja. Siku ukikatika, mara nyingi kruzi haiondoki peke yake: honi nayo inanyamaza, au taa ya mfuko wa hewa inawaka. Hapa naomba subira. Ondoa tenminali hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, na usiweke mita ya umeme kamwe kwenye waya za mfuko wa hewa.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000, vitufe vyote hutumia waya mmoja na hutofautishwa kwa ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia umeme, kinachopimwa kwa omu. Ukipima swichi yenyewe, kitufe cha kuwasha kinatoa chini ya omu 1, cha kuongeza kama 240, cha kuweka mwendo kama 630, cha kufuta kama 1,540. Kisha pima kupitia utepe huku mwenzako akizungusha usukani taratibu. Namba ikirukaruka, umeupata ugonjwa.

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) au ya injini ikiwa inawaka, shughulikia hiyo kwanza. Kodi P0500 ina maana kompyuta haipati taarifa ya mwendo, na bila hiyo kruzi haina cha kushikilia.

Jambo moja silivumilii: fundi kuipita swichi ya breki kwa kuunga waya dairekti ili kruzi ishike. Swichi hiyo si ya mchezo. Nchini Marekani, hadi kufikia 2009 Ford ilikuwa imeita magari zaidi ya milioni 14 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya swichi ya kuzima kruzi: mafuta ya breki yalipenya ndani yake, na kwa kuwa ilikuwa na umeme muda wote, gari liliweza kushika moto hata likiwa limeegeshwa na ufunguo umetolewa.

Ukimaliza matengenezo, jaribu kwenye barabara iliyo wazi, juu ya kilomita 40 kwa saa, kwani chini ya hapo magari mengi hayashiki. Weka mwendo, kisha gusa breki kwa ncha ya kiatu tu. Kruzi iachie kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Ikichelewa, izime kabisa kwa kitufe chake kikuu na urudi gereji ukiendesha kwa mguu.