Wu wei si kulala barazani

Mtoto wa kaka yangu aliniahidi kwamba banda la uani litaezekwa upya kabla ya masika. Masika yameingia, magunia mawili ya mkaa yameloa chapachapa, na yeye yuko barazani na simu yake. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: “Ami, si wewe mwenyewe unayefundisha mambo ya Wachina? Mimi nafuata wu wei. Siyalazimishi mambo.”

Nimechoka. Wu wei ni neno la Udao, mapokeo ya kale ya Wachina, na maana yake ni “kutotenda”; wengi huligeuza ruhusa ya kukaa tu. Wanafunzi huja na hadithi hiyo mwaka hadi mwaka. Daktari wa meno aliwahi kunimalizia Udao wote huku koleo likiwa kinywani mwangu, nikakosa hata namna ya kubisha. Halafu ipo ile picha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: mlima, ukungu, na maneno kwamba maumbile hayana haraka ila kila jambo hukamilika, chini yake jina la Laozi, anayetajwa kuwa mwandishi wa Daodejing, kitabu kikuu cha Udao. Daodejing ina sura 81 na herufi zipatazo 5,000. Unaimaliza kwa jioni moja. Sentensi hiyo haimo.

Kilichomo, katika sura ya 37, ni kwamba Dao, yaani Njia, daima haitendi, na hakuna lisilotendeka. Watu wamepanda gari na nusu ya kwanza, ya pili wakaiacha kituoni. Na hilo “kutenda” lenyewe ni wei: kuligeuza jambo kwa nguvu liwe utakavyo wewe. Herufi hiyohiyo ukiiongezea alama ya mtu ubavuni, inasomeka “bandia”. Kinachokatazwa ni kutia mkono pasipotakiwa mkono. Kutumia mikono hakujakatazwa na mtu.

Tena kitabu kile kinasemezana na mtawala, si na kijana wa barazani. Sura ya 60: kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Aliyewahi kukaanga dagaa wabichi hahitaji maelezo. Ukiwapinduapindua wanavunjika, unabaki na ujiuji. Lakini mpishi amewaosha, amewasha moto, na jicho lake halitoki kwenye mafuta. Anayeacha kikaango jikoni akaenda kulala hapati wu wei, anapata mkaa. (Mkaa mkavu, angalau.)

Wala neno si la Wadao peke yao. Kwenye Mazungumzo ya Konfusio, anayesifiwa kwa kutawala kwa wu wei ni mfalme wa kale Shun, ambaye alijiweka kwa heshima akakaa ameelekeza uso kusini, basi. Han Fei, mtetezi wa sheria kali, alimfafanua Laozi na kulipeleka neno mahali pa kutisha: mfalme anyamaze, asionyeshe anachokipenda wala anachokichukia, ili mawaziri wajifichue wenyewe. Huko si kutulia. Huko ni kuvizia.

Sasa tuje kwa Ding, maana ndiye anayeniudhi zaidi, au niseme wanaomtaja ndio wanaoniudhi. Kila mtu anayezungumzia wu wei humleta mpishi Ding wa sura ya 3 ya Zhuangzi, kitabu kingine cha Udao. Anamchana ng’ombe mbele ya Bwana Wenhui, kisu kinakwenda kwa mdundo kama anacheza ngoma. Mpishi mzuri, anasema, hubadilisha kisu kila mwaka kwa sababu anakata. Mpishi wa kawaida hubadilisha kila mwezi kwa sababu anatwanga mifupa. Kisu cha Ding kina miaka 19, kimepita ng’ombe maelfu, na makali yake ni kama kimetoka kwenye jiwe la kunolea sasa hivi. Anakiingiza kwenye nafasi iliyopo tayari baina ya viungo, basi nyama inaachia. Hapo msimulizi hufunga kitabu, anatabasamu, na kutuambia tuyaache mambo yatiririke.

Subiri bwana, hujamaliza. Ding anasema alipoanza kazi alikuwa haoni kitu ila ng’ombe mzima. Baada ya miaka mitatu ndipo akaacha kumwona ng’ombe mzima. Miaka mitatu ya kufanya nini? Ya kukata vibaya, nadhani. Halafu mwishoni linakuja lile ambalo hakuna anayelinukuu: hata sasa, kila nikifika kwenye fundo la mishipa naona ugumu wake, naingiwa na hofu, najihadhari, macho yanatulia, mkono unakwenda polepole, kisu nakisogeza kidogo mno. Mtu mwenye miaka 19 kazini bado anaogopa fundo! Na baada ya nyama kuachia anasimama na kisu mkononi, anatazama huku na huku, anakifuta, anakiweka. Mtu huyo amechoka kazini. Hakuna mstari hata mmoja katika kisa hicho unaofanana na kulala.

Nikiri, hata hivyo, jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita kimyakimya: katika kisa chote cha Ding maneno wu wei hayamo. Sisi walimu ndio tuliowafungisha ndoa, nami nimekuwa mshenga wake kwa miaka. Bado nadhani ndoa ina haki, ila siku nyingine naamka nikiona nimemkopesha Laozi nyama ya Zhuangzi.

La pili ni baya zaidi kwangu. Cao Shen alishika uwaziri mkuu wa dola ya Han mwaka 193 KK, baada ya Xiao He, aliyemtangulia, kufa, na inasimuliwa kwamba alikuwa akinywa pombe tu. Hakubadilisha sheria hata moja. Aliyekuja kumshauri alinyweshwa hadi akasahau alichokuja nacho. Mfalme kijana alipolalamika, Cao Shen alimuuliza: wewe na marehemu baba yako nani zaidi? Mimi na Xiao He je? Ikiwa wao ndio zaidi na sheria wameshaziweka, sisi kazi yetu ni kuzilinda. Nchi iliyotoka vitani ikapumua, watu wakamsifu. Hapa mtoto wa kaka yangu angekuwa na hoja, kama angesoma. Ningemjibu kwamba Xiao He alikuwa ameshaezeka paa.

Kosa la pili kuhusu Udao ni ndugu wa tumbo moja na la kwanza, lile la kulala: kwamba Udao “wa kweli” ni falsafa safi, na mahekalu, sanamu na uvumba ni ushirikina wa baadaye. Wasomi na wamisionari wa karne ya 19 waliipenda Daodejing wakawadharau makuhani, na sisi tumerithi mizani yao. Nisiwasingizie wao tu. Maofisa wasomi wa Kichina nao walikuwa na dharau hiyo zamani. Lakini mwaka 142 BK, huko Sichuan, Zhang Daoling alisema Laozi amemtokea, si kama mzee wa busara bali kama mungu, akampa mamlaka ya kuunda jumuiya. Jumuiya hiyo, ya Mabwana wa Mbinguni, ilitoza kila kaya vipimo vitano vya mchele na iligawa eneo lake kwenye vituo 24. Mgonjwa alikiri makosa yake, yakaandikwa nakala tatu: moja ya mbingu, ikapelekwa mlimani, moja ya ardhi, ikafukiwa, moja ya maji, ikazamishwa. Nakala tatu! Hata ofisi ya serikali za mitaa hunitaka mbili.

Na makaratasi hayakuisha. Mara ya kwanza nilipohudhuria ibada ya Zhengyi, tawi lililotokana na Mabwana hao, nilitarajia ukimya na ukungu. Nikakuta daoshi, yaani kuhani wa Kidao, aliyevaa joho la hariri, mwenye mke na watoto nyumbani, anahakiki majina ya familia iliyoomba ibada, tarehe, na anwani hadi namba ya nyumba. Ombi liliandikwa kwa lugha ya ofisini ya enzi za wafalme, likapigwa muhuri mwekundu, likasomwa kwa sauti, likatiwa kwenye bahasha na kuchomwa ili liende linakokwenda. Anwani ikikosewa, aliniambia, baraka zinaweza kushukia kwa jirani. Hakuwa anatania. Mimi ndiye niliyecheka, nikaona aibu.

Kilichonigusa zaidi ni fu, hirizi yao. Karatasi ya njano, wino mwekundu, herufi zilizosokotana zisizosomeka; huchomwa, majivu yakatiwa kwenye maji, mgonjwa akanywa. Mtu wa pwani akiona hivyo anakumbuka kombe papo hapo: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akapiga bismillahi na kunywa. Nilirudi nyumbani nikawaambia watu kwamba ni kitu kimoja. Nimelijutia hilo, kwa sababu sasa wananinukuu mimi.

Si kitu kimoja. Fu asili yake ni kibali kilichopasuliwa vipande viwili. Mfalme anabaki na kimoja, jemadari anakwenda na cha pili, na amri inatambulika pale vipande vinapooana. Kwa hiyo fu ya daoshi ni amri ya kiofisi. Inamwamuru pepo aondoke, na inaamuru kwa cheo. Cheo hicho daoshi alikipata siku aliyopokea lu, orodha yenye majina ya majemadari wa kiroho anaoruhusiwa kuwatuma. Asiye na lu hana wa kumtuma. Kombe halina cheo. Mwalimu anayeliandika hamwamuru mtu yeyote. Kinachoponya ni maneno ya Mwenyezi Mungu, kwa idhini yake, na mwalimu ukimwita afisa wa mbinguni atakufukuza mlangoni. Kalamu, maji na kinywa vimefanana, anayesemeshwa hajafanana.

Lakini nikisema hivyo darasani namkumbuka bibi yangu aliyeyanywa makombe mengi, na sina hakika kwamba tofauti hii ya kiofisi iko kwenye koo la mgonjwa. Labda iko kwenye daftari langu tu.

Mengine nayapita mbio. Dawa za kutokufa: zilipikwa kwa sinabari, jiwe jekundu, na sinabari ina zebaki. Wafalme wa enzi ya Tang walizinywa, wengine hawakuamka vizuri. Baadaye watu wakaihamishia tanuri ndani ya mwili, kwa pumzi na kutafakari, na hiyo ndiyo neidan. Mazoezi ya tai chi ya bustanini si ibada ya Kidao, ingawa haikatazwi kufurahisha. Watawa wa Quanzhen, tawi jingine, hawaoi, makuhani wa Zhengyi wanaoa, ukiulizwa “Mdao anaoa?” uliza kwanza Mdao yupi.

Jana nilimrekodia kijana wangu sauti ya dakika sita. Nilimweleza habari za Zhang Lu, mjukuu wa Zhang Daoling, ambaye chini yake mwenye kosa dogo alitakiwa kutengeneza hatua 100 za barabara, kisha kosa lake likafutwa. Hao, nikamwambia, ndio Wadao wa mwanzo, na walikuwa na majembe mikononi. Alisikiliza hadi mwisho, nikaona zile alama za bluu. Kisha akaandika: “Sawa Ami. Ila hao wa barabarani, walilazimishwa au hawakulazimishwa?”

Naandika jibu tangu asubuhi. Nimeshalifuta mara tatu, na mvua inaanza tena.