Mirihi tumeiuliza mara moja tu, na jibu hatukulielewa

Nikimwambia mtu kwamba mi ni mkemia, napima misombo ya kaboni kwenye udongo na maji, haipiti dakika naulizwa: kama huko nje kuna viumbe, mbona mpaka leo hatujawaona? Na muulizaji anakuwaga na majibu yake tayari, ama hawapo kabisa, ama wapo na Marekani imewaficha. Mi naona jibu ni la kawaida sana na linakera kuliko hayo yote mawili: hatujatafuta kihivyo, na pale tulipotafuta tukashindwa kusoma majibu.

Chukua Mirihi, maana ndo tuliyohangaika nayo kuliko sayari nyingine yoyote. Vyombo vinatua kule tangu miaka ya 70, roboti zinatembea, picha zimejaa, kwa hiyo mtu anaona suala la uhai lilishapimwa likaisha. Wapi! Jaribio la moja kwa moja la kuuliza udongo wa Mirihi "humu kuna kitu hai?" limefanyika mwaka 1976 tu, na vyombo viwili vya Viking. Baada ya hapo roboti zote zimetumwa na maswali ya pembeni, palikuwa na maji? mawe yake ya aina gani? kaboni ipo? Maswali mazuri, sikatai, ila sio lile.

Na jaribio lenyewe lilikuwa tamu. Walichota udongo wakaudondoshea maji yenye virutubisho, na ile kaboni ya kwenye virutubisho ilikuwa ya mionzi, kaboni-14, ili kama kuna kijidudu kikala basi hewa kitakayotoa ionekane kwenye kipimo. Wakadondosha, hewa yenye mionzi ikatoka, tena fasta. Wakachukua udongo mwingine wa palepale wakaupasha moto mpaka nyuzi 160 kwa masaa matatu ili kuua chochote kilichomo, wakadondoshea tena, kimya. Kwa vigezo walivyojiwekea kabla ya kwenda, hilo ndo jibu la kitu hai. Gilbert Levin aliyebuni hilo jaribio alishikilia hivyo mpaka alipofariki 2021.

Lakini ndani ya vyombo hivyohivyo kulikuwa na mashine nyingine, GC-MS, ukoo mmoja na tunayotumia sisi maabara kila siku. Kazi yake ni kupasha udongo joto kisha kuchambua mvuke unaotoka ni wa nini. Klaus Biemann na timu yake hawakukuta misombo ya kaboni ya Mirihi, walikuta vitu viwili tu kwa uchache, kloromethani na dikloromethani, wakasema haya ni mabaki ya kemikali za kusafishia vifaa tulizotoka nazo duniani. Kusema kweli na mi ningesema hivohivo, kwa sababu huo ndo ugonjwa wa kazi yetu, unaweza kupima maji safi kabisa na mashine bado ikakuonyesha kemikali za plastiki zilizotoka kwenye glavu au kwenye kifuniko cha chupa, ndo maana hakuna anayeamini kipimo bila blanki pembeni, yani kipimo kingine kisicho na sampuli, cha kuonyesha uchafu wetu wenyewe. Hitimisho likawa: kama hamna kaboni hamna mwili, kama hamna mwili nani alikula? Basi ile hewa ni kemia tu ya udongo. Kesi ikafungwa, na hamu ya kutafuta uhai Mirihi ikapoa kwa miaka mingi.

Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikatua upande wa kaskazini kabisa kikakuta pakloreti kwenye udongo. Hii chumvi ikiwa baridi imetulia zake, ila ukiipasha inaachia oksijeni na kuunguza kaboni yote iliyo jirani, si bure inatumika kwenye mafuta ya roketi. Mmeona inapoelekea? GC-MS ya Viking kazi yake ilianza kwa kupasha udongo. Yani inawezekana kabisa kipimo chenyewe ndo kiliunguza ushahidi! Mwaka 2010 Rafael Navarro-González na wenzake walichukua udongo wa jangwa la Atacama kule Chile, wakachanganya na pakloreti, wakapasha, wakapata kloromethani na dikloromethani. Zilezile tulizosingizia sabuni. Baadaye Curiosity, roboti ya NASA, ikaonyesha misombo ya kaboni ipo Mirihi, na mwaka 2025 ikatangazwa mpaka molekuli za minyororo ya atomu 10, 11 na 12 za kaboni.

Naomba nisieleweke vibaya, hii haimaanishi Levin alishinda. Wengi wetu bado tunaona pakloreti na chumvi za aina yake zikipigwa na mionzi ya angani zinaweza kutoa ile hewa bila kijidudu chochote. Ila zaidi ya miaka 30 tulikuwa tunawaambia watu "tumepima, hamna", kumbe hatukuwa na haki ya kusema hivyo.

Halafu kuna hili la kuchekesha kidogo. Kanuni za COSPAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa anga, zinataka chombo kinachokwenda sehemu za Mirihi ambako vijidudu vya duniani vinaweza kustawi kisafishwe kwa kiwango cha juu mno, maana tukienda wachafu tutagundua bakteria wetu wenyewe. Viking walivioka kwenye oveni kwa nyuzi zaidi ya 110, zaidi ya masaa 24. Ni gharama, na vifaa vingi vya kisasa havistahimili huo moto. Matokeo yake roboti tunazipeleka sehemu ambazo uwezekano wa kitu hai ni mdogo. Kanuni naiunga mkono, ila ukitafuta pasipo na kitu usishangae kukosa.

Na tunaparua juu tu. Drili ya Curiosity inaingia kama sentimita 6, wakati uso wa Mirihi unapigwa na mionzi mchana na usiku, kama kuna anayeishi kule yuko chini. Hata hapa kwetu Afrika, kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng Afrika Kusini, kilomita karibu 3 chini ya ardhi kuna bakteria anaitwa Desulforudis audaxviator, hajui jua ni nini, anaishi kwa haidrojeni inayotoka pale mionzi ya urani inapovunja maji ndani ya mwamba. Ungepita juu ya huo mgodi na drili ya sentimita 6 ungemkuta? Rova ya Ulaya, Rosalind Franklin, itachimba mita 2, ila ilikwama 2022 ushirikiano na Urusi ulipovunjika sababu ya vita ya Ukraine, sasa inasubiriwa kurushwa 2028.

Upande wa wanaosikiliza redio za viumbe wenye akili sina mengi, sio fani yangu. Mwanaastronomia Frank Drake alianza 1960 na nyota mbili tu, na mwenzake wa fani hiyo Jill Tarter alishasema kwamba tulichopekua hadi sasa ni glasi moja ya maji kutoka bahari nzima. Nao wanadanganywa na vifaa vyao wenyewe kama sisi: darubini ya Parkes kule Australia ilinasa mawimbi ya ajabu kwa miaka, 2015 ikagundulika ni maikrowevu ya palepale kituoni, watu wakifungua mlango kabla haijamaliza.

Hizo habari za sayari za mbali ndo usiseme. Aprili 2025 timu ya Cambridge ilisema imeona dalili za DMS kwenye K2-18b, miaka ya nuru 124 kutoka hapa, gesi ambayo kwetu inatolewa zaidi na vijimea vya baharini. Mitandao ikalipuka. Lakini DMS ilishaonekana kwenye kimondo chenye mkia, 67P, ambako hakuna bahari wala kijimea, na wengine waliorudia hesabu kwa data zilezile wakaona ushahidi hautoshi hata kusema hiyo gesi ipo.

Kinachonisisimua mimi ni jiwe. Julai 2024 Perseverance, rova ya NASA, ilikuta jiwe walilolipa jina Cheyava Falls, kwenye mkondo wa mto wa kale, lina kaboni na madoa ya chui yenye vivianaiti na greigaiti, madini ambayo hapa duniani mara nyingi yanatengenezwa na vijidudu kwenye tope, ingawa yanaweza kujitengeneza bila wao. Septemba 2025 ikachapishwa kwenye jarida la Nature kama dalili inayowezekana, neno "inayowezekana" likiwa limekaa pale kwa makusudi. Vifaa vya rova haviwezi kupima zaidi ya hapo, kinachotakiwa ni kulileta hilo jiwe kwenye maabara zenye mashine za maana, na sampuli tayari imo kwenye kichupa. Ila mpango wa NASA wa kuzirudisha ulikadiriwa kufika dola bilioni 11 na kuchelewa mpaka 2040, ukakwama. China wanapanga kurusha Tianwen-3 karibu 2028 na kurudi na udongo wa Mirihi karibu 2031, kwa hiyo huenda wakawahi wao. Shida ni kwamba wanatua sehemu nyingine kabisa, sio kwenye lile jiwe.