Deinosuchus: mamba, aligeta, au si yeyote kati yao?

Dhana: Deinosuchus ni dinosaria.

Sivyo. Aliishi na dinosaria huko Amerika ya Kaskazini, takriban miaka milioni 82 hadi 75 iliyopita, lakini ni wa upande wa mamba na jamaa yao aligeta, mwenye pua pana zaidi. Jina lake, alilopewa na William Jacob Holland mwaka 1909, lina maana ya "mamba wa kutisha".

Dhana: Phobosuchus ni jenasi nyingine.

Ni jina la mwaka 1924. Kwa mnyama huyuhuyu, jina lililotangulia ndilo hutumika.

Dhana: Alikuwa kama mamba wa leo, ila mwenye urefu wa mita 15.

Sura hiyo ilitokana na plasta. Fuvu lililochimbwa Texas lilikuwa vipande tu, na makumbusho ya New York yakajazia pengo kwa kuiga mamba wa Kuba. Likafanana na mamba kwa kuwa lilijazwa kwa mfano wa mamba! Mita 15 ni makadirio ya watafiti wa visukuku Colbert na Bird ya mwaka 1954. Siku hizi wakubwa kabisa hukadiriwa kufika mita 10 hadi 12. Meno yake ya nyuma yalikuwa manene na butu, yanayofaa kuvunjia magamba ya kasa.

Dhana: Ni babu wa aligeta, na hilo limeshathibitishwa.

Kwa miongo kadhaa amewekwa katika Alligatoroidea, nasaba iliyo karibu na aligeta kuliko mamba wa kweli. Hata humo alikuwa tawi la pembeni, wala si babu. Uainishaji huu hufanywa kwa kulinganisha mfupa kwa mfupa: kila sifa huingizwa kwenye jedwali, kisha kompyuta hutafuta mti wa nasaba wenye mabadiliko machache zaidi. Kosa huingia jedwali likiwa na spishi chache za kale, kwani sifa ya zamani iliyobaki kwa aligeta huonekana kama alama ya undugu wa karibu.

Utafiti wa mwaka 2025 uliopanua jedwali hilo ulimtoa katika Alligatoroidea na kumweka kwenye tawi lililochipuka kabla mamba na aligeta hawajaachana. Hoja ya chumvi inaupa nguvu. Visukuku vyake vimepatikana pande zote mbili za bahari iliyoigawa Amerika ya Kaskazini, ilhali aligeta wa leo, asiye na tezi za kutoa chumvi kama za mamba, hawezi kukaa baharini muda mrefu. Akiwa tawi la kale, uwezo wa kuhimili chumvi ulikuwepo tangu awali, na ukoo wa aligeta ndio ulioupoteza baadaye.