Konekta gani tufunge kwenye roboti? Kabla ya ampea, niambie nani ataibana

Kila msimu mpya wa mashindano ya roboti naulizwa swali lilelile, eti konekta gani ina ampea nyingi tuinunue hiyo tumalize. Na mimi nauliza, nani kwenye timu ataibana kwenye waya, na anatumia kifaa gani? Hapo wanakuwa kimya.

Kulikuwa na roboti moja ilikuwa inazima kila ikigonga ukuta. Siku mbili tumeng'ang'ana na programu, watu wanafuta mistari yake wanaandika upya, mpaka dogo mmoja akashika waya wa betri akautikisa kidogo tu na taa zote zikazima. Kufungua konekta, kumbe terminali, kile kichuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya, ilibanwa kwa plaizi ya kawaida, nikauvuta waya kwa vidole viwili ukachomoka kama jino bovu. Konekta yenyewe ilikuwa nzuri tu, haikuwa na kosa.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kiungo kizuri kina ukinzani mdogo sana, tuseme milioumu 1 (sehemu moja ya elfu ya oumu) au chini ya hapo. Mota ikivuta ampea 40 hapo unapoteza volti 0.04 na joto la wati 1.6, hata hulihisi. Kiungo kikilegea kikafika milioumu 10, mota ileile inakupotezea volti 0.4 na wati 16 zinaungua ndani ya kiplastiki kidogo kuliko kidole gumba, kwa sababu joto linapanda kwa ampea mara ampea mara ukinzani. Chuma kikipata moto kinalegea zaidi na kushika kutu, ukinzani unapanda tena, na mwisho wake plastiki inayeyuka. Ndo maana baada ya kuendesha dakika chache mi napitisha mkono kwenye kila konekta (betri ikiwa imechomolewa, tafadhali), ile yenye moto kuliko wenzake ndo mgonjwa. Ukitaka uhakika weka multimita kwenye volti, ncha moja upande huu wa konekta nyingine upande wa pili, mota ikiwa imebebeshwa mzigo, usome inapoteza kiasi gani.

Na ile namba ya ampea kwenye pakiti isikudanganye. Timu za FRC, yale mashindano ya roboti ya wanafunzi, zinatumia konekta ya Anderson SB50 kwenye betri ya volti 12, jina linasema 50 halafu breka kuu, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ni ya ampea 120! Inawezekana kwa sababu ule mvuto mkubwa ni wa sekunde chache, na waya mnene unasaidia kuondoa joto. Ukichukua konekta hiyohiyo ukaifunga waya mwembamba ukavuta ampea nyingi mfululizo, utanusa mwenyewe.

Kwa mota mi nachagua Powerpole, zile ndogo za Anderson. Ganda la plastiki ni moja ila terminali ziko za ampea 15, 30 na 45, unachagua kulingana na unene wa waya. Hazina dume wala jike kwa hiyo mota yoyote inaingia popote, ikiungua katikati ya mechi unachomoa unachomeka nyingine. Ubaya wake uko hapohapo, mtu akipanga nyekundu na nyeusi kinyume bado inaingia vizuri kabisa, chanya inakutana na hasi. Kubalianeni mpangilio mmoja, mchoreni mbandike kwenye boksi la vifaa. Na terminali ikiingia lazima usikie "tak", usiposikia haijakaa, itarudi nyuma siku ya mashindano.

XT60, konekta nyingine ya betri, nayo iko vizuri kwa roboti ndogo za betri ya lipo (lithiamu polima), ila hiyo ni ya kuchomelea kwa risasi na wanafunzi wengi wanaipika mpaka pini zinapinda kwenye plastiki. Dawa ni kuchomeka mwenzake kwanza, pini zikae sawa huku unachomelea. Jike liwe upande wa betri siku zote, maana pini zilizo wazi zenye umeme zikigusa chuma ni shoti papo hapo. Halafu risasi ikipanda ndani ya nyuzi za waya inaufanya mgumu, na waya mgumu kwenye roboti inayotetemeka unakatika pale risasi inapoishia, kwa hiyo ufunge mahali usichezecheze.

Konekta za Wago, zile za kufunga kwa kiwenzo kidogo unachoinua na kushusha, nazipenda kwa kugawa umeme mdogo, mtoto anaweza kuifunga sawasawa mara ya kwanza, na kwa kiplastiki chake cha uwazi unaona waya umefika au la.

Waya za Dupont, zile nyembamba za kuchomeka tu za kwenye meza ya majaribio, msizipeleke uwanjani jamani. Zinashikiliwa na msuguano tu. Kama hamna nyingine basi zifungwe na kitu, ila kwa sensa (vihisi) tafuteni konekta yenye kufuli.

Kwa hela ya mwanzo nunueni koleo la kubania lenye racheti, lile halikuachii mpaka umebana hadi mwisho, tena liwe na meno ya terminali mnayotumia. Kila waya ukishabanwa, vuta kwa nguvu ya mkono. Ukitoka, shukuru umetokea mezani, kata ubane upya.